Ufunguo Uko kwa Nani? Moto, Milango na Wajibu Wetu

*Ifuatayo ni nakala ya mazungumzo yaliyotolewa Kibakwe, wilayani Mpwapwa, mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wageni wafadhili. Tunaichapa kwa manufaa ya kamati ambazo hazikuweza kuhudhuria.*

Niliombwa niseme juu ya majengo na moto: namna ya kuwatoa watu salama jengo linapoungua, na wajibu ambao sheria inatuwekea sisi tunaoyasimamia majengo hayo.

Nianze na kisa kimoja. Mwaka fulani nilialikwa kuzungumza katika ukumbi mmoja, sitautaja, si wa huku. Nina tabia ya kuzunguka jengo kabla ya kuingia. Ukumbi ule ulikuwa na milango miwili. Wa mbele ulikuwa wazi. Wa nyuma ulikuwa na kufuli, na kwa ndani palikuwa pamepangwa viti vya harusi na magunia ya saruji. Nikauliza: ufunguo uko kwa nani? Nikaambiwa uko kwa mzee anayetunza ukumbi. Na mzee yuko wapi? Amekwenda shambani, atarudi jioni. Siku ile tulikuwa zaidi ya watu mia moja ndani, akina mama wengi wakiwa na watoto migongoni, na jiko la kupikia chakula cha wageni lilikuwa hatua chache kutoka mlango ule wa mbele.

Simlaumu mzee yule. Alifanya kama alivyoagizwa, kwa sababu viti viliwahi kuibwa. Lakini tangu siku ile swali langu la kwanza katika kila jengo ni hilo hilo: ufunguo uko kwa nani? Naomba kila mmoja wenu, wakati naendelea kusema, alifikirie jengo moja la kwao. Ofisi, zahanati, shule ya chekechea, ghala la mahindi, karakana ya useremala, mashine ya kusaga au ya kukamua alizeti, hosteli ya wasichana. Moto ukitokea humo saa nane za usiku, nani yuko ndani, atatokea wapi, na ufunguo uko kwa nani?

Yaliyowapata wenzetu

Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Wenzetu wamekwisha kunyolewa, tena zaidi ya mara moja.

Mwezi Juni 1994 bweni la Shule ya Sekondari Shauritanga, wilayani Rombo, liliungua usiku. Wasichana wapatao 40 walipoteza maisha. Mwezi Agosti 2009 ikawa Idodi, mkoani Iringa, jirani zetu. Wasichana 12 walikufa, na taarifa za wakati ule zilitaja mshumaa uliowashwa kwa ajili ya kujisomea. Mwezi Septemba 2020 watoto 10 walikufa katika shule ya msingi ya bweni huko Kyerwa, mkoani Kagera.

Kwa wenzetu wa Kenya, usiku wa tarehe 26 Machi 2001, bweni la Shule ya Sekondari Kyanguli, Machakos, lilichomwa kwa petroli. Wavulana 67 walikufa. Bweni lilikuwa na milango miwili, lakini mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo. Mwezi Septemba 2024 watoto 21 walikufa katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri.

Msidhani ni mambo ya shule tu, au ya Afrika tu. Tarehe 25 Machi 1911, mjini New York, kiwanda cha nguo cha Triangle kiliungua. Watu 146 walikufa, wengi wao wasichana waliohamia Marekani kutafuta maisha. Katika ghorofa ya 9 mlango mmoja wa ngazi ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Wenye kiwanda walihofia wizi wa nguo. Msiba ule ndio ulioamsha watu kutunga sheria nyingi za usalama kazini.

Chanzo cha moto hakikuwa kimoja katika visa hivi. Mahali pengine ulikuwa mshumaa, pengine petroli ya mtu mwenye nia mbaya. Hatuwezi kuizuia kila njiti ya kiberiti. Lakini mlango ni wetu. Anayeamua mlango uwe mmoja au miwili, ufunguke kwa ndani au kwa nje, uwe na kufuli au komeo, ni sisi tuliokaa hapa.

Muda ni mfupi kuliko tunavyodhani

Watu wengi hufikiri mtu katika nyumba inayoungua huuawa na miali ya moto. Mara nyingi huuawa na moshi kabla moto haujamfikia. Godoro la sponji likishika moto hutoa moshi mzito wenye sumu, na chumba kinaweza kujaa kwa dakika chache. Aliyelala huweza asiamke kabisa. Aliyeamka haoni mlango ulipo, hata kama ameupita kila siku kwa mwaka mzima. Ndiyo sababu tunafundisha watoto wainame na kutambaa, kwa kuwa moshi hupanda juu na hewa iliyobaki huwa chini karibu na sakafu.

Sasa tuangalie mahali tulipo. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina namba ya simu 114, na kila mmoja wetu aiweke kichwani. Lakini Kibakwe siyo mjini. Kutoka Dodoma hadi Mpwapwa tu ni zaidi ya kilomita 100, na baada ya hapo kuna barabara ya milima. Gari likiondoka papo hapo, bado watu walio ndani hawana muda wa kulingoja. Pigeni 114, ndiyo, lakini mpango wa kuwatoa watu lazima uwe wa kwetu wenyewe. Na msisahau miezi ya kiangazi, kuanzia Mei hadi Novemba, nyasi zinapokauka na upepo kuvuma. Cheche ya shambani huweza kufika kwenye paa la nyasi au kwenye ghala kabla hamjakusanya ndoo.

Sheria inasemaje

Nimewahi kusikia mjumbe akisema, "Sisi ni kanisa, si kiwanda." Ndugu zangu, sheria haiulizi kama kuna msalaba juu ya paa. Inauliza kama kuna watu wanaofanya kazi humo. Mpishi wa hosteli, matroni, mlinzi, mwalimu wa chekechea, muuguzi wa zahanati, fundi seremala, kijana wa mashine: hao wote ni wafanyakazi, na parokia au mradi unaowalipa ni mwajiri.

Sheria ya kwanza ni Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, iliyochukua nafasi ya sheria ya viwanda ya zamani za mkoloni. Inasimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ambao wengi mnaujua kwa jina la OSHA. Sheria hii inamtaka mwajiri asajili mahali pa kazi, achukue hatua za kuzuia moto, na aweke njia za kutokea. Mlango wa kutokea usifungwe, watu wakiwa ndani, kwa namna ambayo hauwezi kufunguliwa mara moja kutoka ndani. Mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya wanne ateue kwa maandishi mwakilishi wa usalama na afya. Zahanati nyingi na hosteli nyingi zinavuka idadi hiyo bila sisi kutambua.

Sheria ya pili ni Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Na. 14 ya mwaka 2007. Inalipa Jeshi mamlaka ya kukagua majengo na kutoa vyeti vya usalama wa moto. Mkaguzi akija, msimwone kama adui. Bora zaidi, msingoje aje. Andikeni barua mkamwombe aje mapema, tena akiwa bado anaweza kusaidia kurekebisha ramani kabla msingi haujachimbwa.

Ya tatu ni Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, inayomtaka mwajiri kuchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ili mtu akiumia au kufa kazini, yeye au familia yake wasiachwe mikono mitupu.

Mtaniuliza, anayewajibika ni nani hasa? Hati ya kiwanja mara nyingi iko kwa wadhamini wa jimbo au dayosisi, na wao wana wajibu wao. Lakini aliyeamuru kufuli liwekwe ni kamati. Aliyeona nyaya za umeme zimechunika akanyamaza ni kamati. Baada ya msiba kila mtu huuliza nani alijua. Tusijifiche nyuma ya muhuri wa makao makuu.

Hofu ya wizi ni ya kweli

Nimefika sehemu ngumu, nami sitaki kuipita haraka. Hatukuweka nondo kwa upumbavu. Hosteli ya wasichana tunaifunga kwa sababu wako wanaume wasio na adabu wanaozunguka usiku. Mzazi aliyemleta binti yake kutoka kijiji cha mbali anatuambia, "Nimemkabidhi kwenu, mumlinde." Ghala tunalifunga kwa sababu mahindi ya msimu mzima yamo humo. Hizi ni hofu za haki.

Lakini tutazame tunachofanya. Kufuli la nje linamzuia mwizi asiingie, na kufuli hilo hilo linamzuia mtoto asitoke. Tukitaka kumlinda binti dhidi ya mtu wa usiku, tusimlinde kwa namna itakayomuua.

Njia zipo, na si za gharama kubwa. Badala ya kufuli la nje, wekeni komeo la ndani ambalo hata mtoto wa darasa la kwanza analifungua gizani bila ufunguo. Aliye nje haingii, aliye ndani anatoka. Dirisha lenye nondo, fundi aweke angalau moja katika kila chumba ambalo fremu yake ya nondo ina bawaba na komeo la ndani. Ulinzi wa usiku uwe wa mtu na wa uzio: mlinzi aliye macho, taa ya sola uani, na matroni anayelala jengo hilo hilo. Mkihofia wasichana watatoroka kwa mlango wa nyuma, fungeni kengele ndogo mlangoni ambayo italia ukifunguliwa. Mtoto aliyetoroka tutamtafuta na kumkanya.

Kwa wanaopanga kujenga bweni, wenzetu wa Kenya walitoa mwongozo wa usalama shuleni mwaka 2008 ambao tunaweza kujifunza kwao. Unataka bweni liwe na mlango kila mwisho na mwingine wa dharura katikati. Milango ifunguke kwa nje, iwe na upana usiopungua futi 5, na isifungwe kutoka nje wakati wanafunzi wamo. Madirisha yasiwe na nondo. Kati ya kitanda na kitanda ibaki nafasi ya mita 1.2, na njia ya katikati isipungue mita 2. Chukueni utepe wa kupimia mkapime mabweni yenu. Wengi mtakuta vitanda vimebanwa kwa sababu tulipokea watoto wengi kuliko jengo. Tulipokea kwa huruma, najua. Lakini huruma hiyo inatudai mlango mwingine.

Mpango wa kutoka: mambo sita

Mpango mzuri unaenea kwenye karatasi moja. Uwe na mambo haya.

1. Njia mbili. Kila chumba wanacholala au kukusanyika watu kiwe na njia mbili za kutokea zisizopita mahali pamoja. Njia hizo zisiwekwe magunia, baiskeli wala viti, hata kwa siku moja ya harusi.

2. Sauti ya hatari. Kengele ya kanisa, au rimu ya gari iliyotundikwa mtini, inatosha. Lakini mlio wa moto uwe tofauti na mlio wa ibada au wa chakula, na kila mtu aujue.

3. Mahali pa kukusanyika. Chagueni mti au uwanja ulio mbali na jengo, upande ambao upepo hauleti moshi, na pasipozuia njia ya gari la zimamoto.

4. Kuhesabu watu. Daftari la majina likae mahali ambapo matroni au msimamizi atalichukua akitoka, tena nakala moja iwe jengo jingine. Bila majina, mtu atarudi ndani kumtafuta asiyekuwamo. Asirudi mtu ndani kwa ajili ya sanduku, simu wala sare.

5. Wanaohitaji msaada. Mgonjwa wa zahanati, mama aliyejifungua, mtoto wa chekechea, mwenye ulemavu. Kila mmoja awe na mtu aliyetajwa kwa jina atakayemsaidia, mchana na usiku. "Tutamsaidia wote" maana yake hakuna atakayemsaidia.

6. Zoezi. Mpango usiofanyiwa zoezi ni karatasi tu. Fanyeni angalau mara moja kila muhula, na zoezi moja liwe la usiku, taa zikiwa zimezimwa. Pimeni dakika kwa saa. Mara ya kwanza mtacheka na kugongana. Mara ya tatu mtaona muda umepungua.

Niongeze kidogo juu ya kuzima. Mtungi wa kuzimia moto ni kwa moto mdogo unaoanza, maana dawa iliyomo huisha kwa muda usiofika dakika moja. Ukaguliwe na kujazwa kwa wakati, na utundikwe karibu na njia ya kutokea, siyo kufungiwa kabatini. Moto wa mafuta ya kupikia usimwagiwe maji, funika sufuria. Moto wa umeme, zima swichi kuu kwanza. Ndoo za mchanga ziwe jikoni, kwenye mashine na karakana. Vumbi la mbao lifagiliwe kila jioni. Dizeli na petroli zisikae ndani ya jengo wanamolala watu. Mabwenini mishumaa na vibatari visiingie, na simu zisichajiwe kumi kwenye waya mmoja. Lakini mkikataza mshumaa, wapeni watoto taa ya sola na saa ya kujisomea. Mtoto mwenye mtihani atawasha kitu tu.

Neno kwa wafadhili

Wageni wetu, mmetujengea mengi, nasi tunashukuru. Naomba niseme kwa upendo. Kwenye bajeti tunazowaletea, mlango wa pili huwa ndio wa kwanza kukatwa fedha zinapopungua, kwa sababu kwenye picha ya ufunguzi hauonekani. Vyumba vinabaki kumi, mlango unakuwa mmoja. Tukiwaletea ramani, tuulizeni: milango mingapi, inafunguka upande gani, mara ngapi mtafanya zoezi, nani atajaza mitungi mwaka wa tatu? Kibao chenye jina la mfadhili huwekwa kando ya mlango. Basi na mfadhili ana haki ya kuuliza habari za mlango huo. Na kama fedha hazitoshi, ni heri vitanda 30 katika bweni lenye milango miwili kuliko 60 katika bweni lenye mmoja.

Kabla ya kikao kijacho

Sitaki muondoke na maneno tu. Kila kamati naiomba ifanye mambo matatu kabla ya kikao kijacho. Kwanza, wajumbe wawili wazunguke kila jengo saa mbili za usiku, siyo mchana, wajaribu kila mlango kutoka ndani bila ufunguo. Pili, waandike kwenye daftari la kumbukumbu walichokuta, pamoja na jina la atakayerekebisha na tarehe ya mwisho. Tatu, kila kufuli la nje kwenye nyumba wanamolala watu liondolewe wiki hiyo hiyo. Kwa hilo la tatu hamhitaji mfadhili, wala kibali, wala semina nyingine. Komeo la ndani linauzwa dukani, na fundi mnaye.

Nilipomaliza kuzungumza katika ule ukumbi niliowaeleza mwanzoni, mzee mtunza ukumbi alikuwa amerudi kutoka shambani. Alisikia habari za mlango wake. Hakusema mengi. Alikwenda akafungua kufuli, akaita vijana wawili, wakahamisha magunia na viti hadi stoo. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, sasa hili kufuli nilifanyie nini?" Nikamwambia alifungie stoo ya viti, humo halali mtu.